Penye Weupe Pana Watu

Kwa miezi kadhaa sasa nimekuwa nikisoma ramani jinsi watu wengine wanavyosoma riwaya. Sijui kupima ardhi, na sijawahi kushika kile chombo cha miguu mitatu ambacho mkikiona kimesimama mtaani kwenu mnajua mambo yamechemka. Chuo niliacha mwaka wa pili, na hata huko nilikuwa nasomea biashara. Lakini kusoma najua, na ramani ni maandishi kama maandishi mengine. Ina mwandishi. Ina aliyeilipia. Ina mambo inayoyarudia kwa mapenzi, na mengine inayapita mbio kama mtu anayepita mbele ya duka analodaiwa. Sisi hapa tunahakiki mashairi, tunahakiki albamu, hata tangazo la unga tunalichambua mpaka linaishiwa nguvu. Ramani tumewaachia mawakili na mabroka. Halafu asubuhi moja tingatinga linafika, anayeliongoza ana karatasi mkononi, na hiyo karatasi hakuna mtu mtaani aliyewahi kuisoma.

Nairobi inafaa kuanza nayo kwa sababu ilichorwa kabla haijawa mji. Reli kutoka Mombasa ilifika hapa tarehe 30 Mei 1899, karibu maili 327 kutoka pwani, na wahandisi wakasimama kwa sababu ya kikazi tu: mbele yao kulikuwa na mwinuko wa kupanda kabla ya kushuka Bonde la Ufa, na hapa palikuwa tambarare ya mwisho ya kuegesha mabehewa na kujenga karakana. Kama panafaa kuishi watu, hilo halikuwa swali lao. Wamaasai waliokuwa wakinywesha ng'ombe hapa walipaita mahali pa maji baridi. Kumbe jina lilikuwa onyo. Maji yenyewe yalikuwa yametuama, na mji wa kwanza uliketi kando ya kinamasi.

Michoro ya miaka ile ya mwanzo naipenda kwa sababu haina unafiki. Reli iko katikati. Maofisa wako juu kilimani, huko ambako leo ni Upper Hill. Wafanyakazi wa ngazi ya chini wako bondeni, karibu na injini. Soko la Wahindi limebanwa pale kwenye unyevu, na tauni ilipoingia miaka michache baadaye, dawa ya serikali ilikuwa kulichoma moto. Mwafrika hayumo kwenye mchoro. Si kwamba amewekwa pembeni, hayumo kabisa. Mchoraji alimwona kama mtu wa kupita, aje abebe, aondoke. Mwaka wa 1913 akaja Profesa W. J. Simpson, mtaalamu wa afya, akapendekeza watu watengwe kwa rangi, na sababu aliyotoa ilikuwa usafi. Tangu hapo ubaguzi ukavaa koti jeupe la daktari.

Lakini watu walikuwepo. Pale penye weupe kwenye mchoro kulikuwa na vijiji: Pangani, Mombasa, Maskini, hata Kileleshwa. Ndiyo, Kileleshwa, hiyo hiyo ambayo leo kodi ya chumba kimoja inaweza kukufanya umkumbuke Mungu. Kilikuwa kijiji cha Waafrika kabla hakijawa cha maghorofa. Pangani ilibomolewa mwishoni mwa miaka ya 1930 na watu wake wakapelekwa Shauri Moyo. Mimi nikilisikia jina hilo, Shauri Moyo, nasikia mtu aliyeambiwa achague kati ya kuhama na kuhamishwa. Na Kariokor ni nini kama si Carrier Corps, kikosi cha wabeba mizigo wa Vita vya Kwanza vya Dunia, kilichopitia kwenye midomo ya watu mpaka kikawa Kiswahili? Mpimaji alichora mistari, wenyeji wakaandika pembezoni. Majina ya mitaa ya Eastlands ndiyo uhakiki wa kwanza wa ramani ya Nairobi, na bado tunautamka kila siku kwenye matatu bila kujua.

Sasa fanya hivi. Tafuta ramani yoyote ya Nairobi yenye kontua, ile mistari ya kuonyesha mwinuko, halafu juu yake weka kwa mawazo ramani ya udongo. Magharibi kuko juu, vilima vidogo, udongo mwekundu wa volkano unaopitisha maji na kuotesha chochote utakachouchokoza. Mashariki kunashuka, udongo ni ule mweusi unaovimba mvua ikinyesha na kupasuka jua likiwaka, ule unaomeza pesa za msingi kabla nyumba haijaonekana juu ya ardhi. Mzungu alijigawia mwekundu. Mweusi akatupa sisi. Na kwa kuwa maji hushuka, kila kilichooshwa juu kinatiririka kuja chini: majitaka yanasafishwa Kariobangi na huko mbele Ruai, taka zinatupwa Dandora. Mtu akikuambia Eastlands ni hivi kwa sababu watu wake ni wavivu, au hata kwa sababu serikali imewasahau, mwambie atazame kontua. Hapakusahaulika. Palichaguliwa.

Kitabu chenyewe kikuu ni cha 1948. Kilitoka London: mpango mkuu wa Nairobi kama mji mkuu wa koloni, kazi ya L. W. Thornton White, L. Silberman na P. R. Anderson. Thornton White alikuwa profesa wa usanifu majengo Cape Town, na huo ndio mwaka ambao chama kilicholeta apartheid kilishinda uchaguzi Afrika Kusini. Ukikisoma kama fasihi, nami sitanii, ni kazi nzuri. Ndiyo shida yake. Kina barabara pana zenye miti, kina mikanda ya kijani, kina kituo kikuu cha sherehe na majengo ya serikali. Kinagawanya mji katika vitengo vya ujirani, kila kimoja na shule yake na maduka yake, ili mtoto asilazimike kuvuka barabara kubwa akienda darasani. Nimepanga nyumba mitaa minne tofauti ya mji huu na sijawahi kupata hata robo ya hiyo ndoto. Nilipofika hapo nilitamani kuhamia ndani ya kitabu.

Halafu unakutana na suala la rangi. Waandishi wanasema kwa upole kwamba inawezekana kupanga mji bila kuegemea upande wowote kwenye hoja ya ubaguzi, mradi mpangaji ajifunge kwenye mahitaji ya binadamu. Soma tena. Yaani mahitaji ya binadamu yakishapimwa kwa haki na kwa kitaalamu, jibu linatoka kwamba binadamu mmoja anahitaji bustani Muthaiga na mwingine anahitaji kuwa karibu na kiwanda. Hakuna neno la matusi ndani yake. Mchoro wa 1899 ulisema wazi kwamba wewe huna nafasi hapa. Huu unasema una nafasi, tumekupimia, iko kule kwenye udongo mweusi, na utapata uwanja wa mpira. Nimewasikia wapangaji wa siku hizi wakikisifia kitabu hiki kwa ustadi, kana kwamba ustadi ni kitu unachoweza kukibandua kama stika.

Ingawa, tuwe wakweli, kuna sehemu ndoto ile ilifika mashariki pia. Nenda Kaloleni. Ilijengwa miaka ya 1940: nyumba za chini zimezunguka uwanja, kuna ukumbi wa kijamii, kuna miti. Miaka inavyozidi kupita ndivyo maghorofa ya jirani yanavyoifanya ionekane kama mtaa wa matajiri. Wakoloni walitujengea nyumba za kutuweka mahali petu, na zikatokea kuwa bora kuliko nyingi tulizojijengea wenyewe. Sijui niseme nini kuhusu hilo zaidi ya kulisema.

Nje ya mji kuna ramani za aina nyingine, na hizi zinanigusa karibu zaidi. Shosho yangu anaishi Nyeri katika kile kinachoitwa mpaka leo kijiji cha kikoloni. Kama hulijui neno hilo: wakati wa Hali ya Hatari, kuanzia 1954, serikali iliwatoa watu zaidi ya milioni moja kwenye mashamba yao Mkoa wa Kati na kuwasukuma ndani ya vijiji zaidi ya 800, nyumba zimepangwa kwa mistari, vingi vikiwa na handaki na walinzi. Wakati huo huo, chini ya mpango wa Swynnerton wa 1954, wapimaji walikuwa mashambani wakikusanya vipande vya kila familia, wakivijumlisha, kisha wakigawa upya shamba moja moja. Picha zikapigwa kutoka angani, ramani zikachorwa, majina yakaandikwa. Fikiria wakati huo. Ardhi inapimwa huku mwenyewe yuko kizuizini Manyani. Anayesimama kuonyesha mpaka ni yule aliyebaki, na aliyebaki mara nyingi alikuwa na bunduki ya serikali.

Nilimpelekea shosho nakala ya ramani ya eneo lao, zile za kipimo cha 1 kwa 50,000. Nilidhani nitamfundisha. Akaishika, akaigeuza mara mbili, mpaka Mlima Kenya ukawa upande anaoutaka yeye. Kaskazini ya mpimaji haikumhusu.

"Mto uko wapi, maitũ?"

Nikamwonyesha mstari wa buluu.

"Na njia ya kwenda mtoni?"

Haikuwepo. Kulikuwa na barabara ya magari, kulikuwa na kanisa, kulikuwa na kiwanda cha kahawa. Njia aliyoipita na mtungi mgongoni kila siku ya utoto wake, akisindikizwa na askari na kurudi kabla ya saa ya amri, haikuwepo. Akaendelea kutafuta kwa kidole. Akafika kwenye vidoti vyeusi vilivyobanana, kila kidoti nyumba, akauliza mbona hapa pamejaa hivi na pale pengine nyumba ziko mbalimbali. Nikamwambia hapa ndipo tulipo. Akacheka. "Kumbe hata kutoka juu tunaonekana tumefungwa."

Baba yake alirudi kutoka kizuizini akakuta shamba limeshapimwa. Kipande cha kando ya barabara kilikuwa na jina la mtu mwingine wa ukoo. Kijiji kilipokwisha kuwa gereza, wenye mashamba walirudi mashambani; wasiokuwa nayo walibaki pale pale, kwenye ploti ambayo upana wake ulikadiriwa kwa mahitaji ya mlinzi mnarani. Shosho yuko hapo mpaka leo. Hana hati. Familia nyingi za vijiji hivyo, Nyeri, Murang'a, Kiambu, bado zinazungushwa kuhusu hati za ploti walizozaliwa juu yake. Kwa hiyo mtu akiniambia ramani ya 1 kwa 50,000 ni takwimu tu, kwamba haina hisia, namwambia hajasoma vidoti.

Hapa lazima nitoe sifa kwa ramani ambayo imechekwa kuliko zote. Katikati ya miaka ya 1850 wamisionari wawili waliokuwa karibu na Mombasa, Jakob Erhardt na Johannes Rebmann, walichora Afrika ya ndani bila kufika huko. Waliwauliza wafanyabiashara wa misafara, Waswahili na Waarabu na watu wa bara, kila mmoja njia yake inaishia wapi. Kila mmoja akasema inaishia kwenye maji makubwa. Basi wamisionari wakayaunganisha maji yote yakawa ziwa moja refu la kutisha, limejikunja kama konokono aliyevua nyumba. Mabwana wa London wakacheka. Wakawatuma Burton na Speke mwaka wa 1857, ikaonekana ni maziwa tofauti: Tanganyika huku, Ukerewe kule, Nyasa kusini. Lakini angalia vizuri kosa liko wapi. Mashahidi walisema kweli, kila mmoja kwa njia yake. Aliyekosea ni aliyeshika kalamu, alipounganisha. Hata hivyo ni miongoni mwa ramani chache za karne ile ambazo ukizisoma unasikia sauti za wenyeji, umbali ukihesabiwa kwa siku za kutembea. Ningekuwa na uwezo ningeiweka ukutani, na huu mpango wa 1948 ningeuweka kabatini.

Kuna mtindo siku hizi, hasa kwetu sisi vijana tuliosoma nusu ya kitabu kimoja, wa kusema ramani zote ni uongo wa mkoloni, mchezo umeisha. Sikubali. Ni uvivu, na unawagharimu watu. Chukua Kibera. Wanubi, askari wa King's African Rifles na familia zao, walianza kukaa pale mwanzoni mwa karne iliyopita. Jina lenyewe, Kibra, ni la Kinubi na maana yake ni msitu. Mwaka wa 1918 eneo likatangazwa rasmi kuwa hifadhi ya jeshi, zaidi ya ekari 4,000. Waliochora mpaka ule walikuwa na nia yao: ardhi ibaki ya Serikali, askari akae kwa hisani. Ila mstari ukishachorwa huwezi kuuamuru useme unachotaka wewe peke yako. Kwa miongo mingi Wanubi wamekuwa wakiunyooshea kidole mstari huo huo na kusema: mlituandika wenyewe, tulikuwa hapa. Mwaka wa 2017 wakapewa hati ya ekari 288. Hesabu ya kutoa nakuachia. Sehemu ya zilizobaki utazikuta chini ya mitaa kama Ayany na Olympic.

Na hapo pia usifurahi haraka. Ramani ya 1918 inamjua Mnubi na haimjui mpangaji aliyekuja kutoka Siaya au Kakamega miaka ya 1970, ambaye leo ndiye wengi. Ikimtambua mmoja, yule mwingine anaanza kuonekana mvamizi. Majina ya vijiji vya Kibera yanabeba ugomvi huo wote bila kuusuluhisha. Makina ni pa Wanubi wa zamani. Kisumu Ndogo inajieleza. Laini Saba, wakongwe husema, ilianza kama laini ya shabaha, mahali ambapo askari walijifunzia kulenga, mpaka shabaha ikachakaa mdomoni ikawa saba. Watu wamejenga vyumba vya mabati mahali ambapo risasi zilikuwa zinatua.

Baada ya uhuru Kibera ilirudi kuwa weupe. Kwenye ramani za kawaida palikuwa patupu, au pameandikwa kama msitu, mpaka mwaka wa 2009 vijana wa vijiji vya pale walipozunguka na vifaa vya GPS chini ya mradi wa Map Kibera, wakaandika kila kichochoro, bomba la maji, choo, kliniki, kanisa na shule, na kuviweka kwenye OpenStreetMap ili yeyote avione. Mwaka huo huo sensa ikahesabu watu 170,070, wakati ambapo mashirika yalikuwa yameshazoea kusema milioni. Wote walijifanya wanapajua, na hakuna aliyekuwa amechora njia. Ramani ya vijana wale ni ya ajabu kwa sababu inajua mambo ambayo ni mwenye kuyapitia tu angeyajua: choo kipi kipo, kichochoro kipi kinatokea upande wa pili. Shosho yangu angeielewa. Lawama yangu ni moja: umiliki haumo. Unaona bomba, huoni nani anakusanya pesa. Unaona nyumba, huoni kwamba mwenye nyumba anaishi mtaa mwingine kabisa na huja tarehe tano. Labda kuandika hilo kungekuwa hatari. Naelewa. Lakini msomaji anayetoka nje, yule mfadhili mwenye kompyuta, anaondoka akidhani tatizo la Kibera ni ukosefu wa vyoo.

Tunakoelekea kuna ramani nyingine zinazoandikwa. Baada ya mafuriko ya Aprili na Mei 2024, mstari wa mita 30 kutoka mtoni ulitumika kubomoa nyumba Mathare, Mukuru na kwingineko, na wakazi wakaahidiwa shilingi 10,000 za kuanzia maisha mengine. Mto ni kitu kinachosogea. Mstari unaanzia ukingo upi, wa kiangazi au wa masika? Sheria zetu zenyewe hazikubaliani kuhusu upana. Na wale waliofika kwenye kingo hizo walifika kwa sababu ramani nne au tano zilizotangulia zilishagawa kila pengine palipokuwa pakavu.

Mukuru ndiyo inayonisumbua zaidi, kwa sababu pale mtu hawezi kudai watu hawakujaribu. Agosti 2017 kaunti ilitangaza Mukuru kuwa eneo maalumu la upangaji, na wakazi wakaingia kwenye mikutano kwa miaka wakijadili barabara ipite wapi, maji yapite wapi, nyumba ipi isogee kidogo ili gari la zimamoto liweze kuingia. Kama kuna ramani ya Nairobi iliyoandikwa na wanaoishi ndani yake, ni hiyo. Novemba 2021 tingatinga ziliingia Mukuru kwa Njenga kupisha barabara, na maelfu wakalala nje. Siku zilizofuata walianza kurudi na turubai na vijiti, wakatembea juu ya vifusi wakihesabu hatua kutoka kwenye nguzo ya stima iliyobaki, kila mtu akijaribu kukisia mlango wake ulikuwa wapi.